Kaa Naye Ndani

Siku hiyo mjinga alikuwa Odero, na heri tuliseme mapema kabla hajapata nafasi ya kujitetea. Alikuwa kwenye kibanda chake cha kufuli na funguo kando ya Barabara ya Luthuli, spika za maduka jirani zikigombana masikioni mwake, alipomwona mwanamke mwenye gauni la zambarau na raba nyeupe zilizokataa kabisa kushika matope ya Juni. Begani alibeba kiondo, na mdomoni mwa kiondo kilichungulia kichwa cheupe chenye sikio moja la kahawia.

"Sasa madam! Hicho kidoli umenunua wapi? Mpwa wangu angekipenda." Na kwa kuwa mkono wake haujawahi kungoja ruhusa, akakibana pua.

Kidoli kikamng'ata.

"Anaitwa Meneja," mwanamke akasema. "Hapendi kushikwashikwa na wafanyakazi."

"Na wewe ni nani? Mkurugenzi?"

"Mimi ni Nzula. Na unavujia damu kufuli zako, fundi. Nani atanunua?"

Akavua kitambaa shingoni, akamfunga kidole huku akicheka. Odero aliporudi kwake Muthangari hakukifua kile kitambaa.

Nzula alikuwa wa mapokezi katika kliniki ya meno kule Parklands, na hapo Parklands ndipo alipopanga. Meneja alikuwa mbwa wa dada yake, Yvonne, aliyeingia hospitali na kibegi cha nguo za siku mbili na hakutoka na miguu yake. Mpaka siku hizo mbwa yule alilala juu ya kandambili za Yvonne. Jioni akisikia mtu anapanda ngazi, alisimama mlangoni, masikio juu, mpaka hatua zipite.

"Watu waliniambia nimpeane," Nzula alimwambia Odero siku moja wakila mahindi ya kuchoma. "Nikimpeana, nitakuwa namngoja Yvonne peke yangu."

Odero, ambaye alikuwa na mzaha wa kila msiba, siku hiyo hakuupata. Alimshika mkono tu. Nadhani hapo ndipo Nzula alipompenda.

Desemba ikaja na shida yake.

"Odu, Krismasi lazima niende Mwingi. Baba amesema tutaweka msalaba wa Yvonne."

"Nenda, mpenzi. Shida iko wapi?"

"Shida ina miguu minne. Basi halimpakii, na mbwa wa kwetu watamtafuna kama mandazi. Zile nyumba za kulaza mbwa za huko Karen, hata mimi sijawahi kulala mahali pa bei hiyo."

"Si niko? Uani kwangu kuna ukuta, kuna geti, na kufuli nimeitia mwenyewe. Niachie Meneja. Nitamwandikia ripoti za kazi."

Hakucheka. "Nisikize. Chakula atakula akitaka. Maji mpe. Lakini fataki zikianza, kaa naye ndani. Usimwimbie, usimbebe. Kaa tu pale akuone. Hajui kitu kingine cha kumtoa hofu."

"Nitakaa."

"Apa."

"Haki ya Mungu, binti wa Ukambani. Nitakaa mpaka nioteshe mizizi."

Nzula akasafiri. Hata harufu ya mafuta yake haijaisha shingoni mwa mbwa, simu ya baba yake Odero ikaingia kutoka kwao Ugunja.

"Odero, ndugu zako wote wamefika. Ami yako pia. Ile nyumba yako inajengwa sasa, au ungoje tena mpaka Krismasi ingine."

Kwao kijana haleti mke kabla hajajenga simba, nyumba yake ya ujana, uani kwa baba. Na haijengi peke yake kama mwizi, wakubwa lazima wawepo. Odero alikuwa amepanga kumwambia Nzula neno kubwa Januari. Angemwambiaje, na hana hata paa la kumwingiza? Akamtazama Meneja. Meneja akamtazama kwa macho ya bosi aliyeletewa visingizio.

Angempigia Nzula dakika mbili tu. Lakini alitaka iwe siri tamu. Tena huko Ugunja alikolelewa, mbwa hulala nje, hula kilichobaki, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukaa naye ndani. Mbwa ni mbwa, alijiambia.

Basi akajiona mjanja. Alijipiga picha za akiba uani pamoja na Meneja: amevaa fulana nyekundu, amevaa shati la bluu, na kofia, kabla ya kunyoa na baada ya kunyoa. Kisha akampeleka Dagoretti kwa binamu yake Oyoo, fundi wa kuchomelea vyuma, anayekaa hatua chache kutoka machinjioni.

"Huku mifupa ni ya bure," Oyoo akasema. "Atarudi kama ndama."

"Usiku umlaze ndani."

"Sawa, buda."

Kila siku Odero, kule Ugunja, matope ya ukuta yakimkauka vidoleni, alituma picha moja. Na kila siku Nzula alipiga.

"Mbona jana ulikuwa umenyoa na leo una ndevu kama imamu?"

"Upendo unaziotesha haraka."

"Muongo wewe! Mweke kwa simu anisikie."

"Amelala, switi. Nikimwamsha atanifuta kazi."

Nzula alicheka kule Mwingi mpaka baba yake akauliza ni nani huyo. Odero naye alirudi kwenye ukuta wake akipiga mbinja.

Asubuhi ya mwaka mpya Oyoo alipiga, na hakusema hepi nyu yia.

"Ndugu yangu. Nilikuwa nimemfunga kwa geti. Ndani ni mashine tu, na alikuwa analia sana. Fataki zikaanza, akajivuta mpaka kichwa kikatoka kwa kola. Akakimbilia barabarani."

Odero alikuwa ameshika bawaba ya mlango mpya. Aliitazama kana kwamba hajawahi kuona bawaba.

"Ni gari?"

"Ni lori. Nimemzika, Odero. Nilimtafutia gunia safi."

Hapo ndipo mtu mzima angepiga simu. Odero akafikiri: msalaba umewekwa juzijuzi tu, nimwongezee kaburi lingine leo? Akirudi nitamwambia nikimtazama machoni. Akaziita fikira hizo huruma. Akatuma picha iliyokuwa imebaki, Meneja kalala miguuni pake, na chini akaandika: *Hepi nyu yia kutoka kwa Meneja. Anakoroma.*

Kesho yake picha zilikuwa zimekwisha. Akarudia ile ya fulana nyekundu. *Tuko hapa nyumbani tunakungoja.*

Jibu lilikuja papo hapo, bila neno. Lilikuwa picha. Odero aliikuza ili aone vizuri, ingawa hakuhitaji. Ilikuwa kufuli yake mwenyewe, ya bluu, kwenye mlango wake mwenyewe kule Muthangari. Pembeni ya picha kulionekana mfuko wa zawadi, na mguu wa raba nyeupe.

Odero akampigia, akamwambia mbwa amekufa na amezikwa kwa binamu yake. Kesho yake walikutana Dagoretti, mchana, jua likiwaka na harufu ya damu ya ng'ombe ikitembea na upepo. Odero alikuwa ameshuka kwenye basi la usiku na shati lililokunjamana. Nzula alivaa nyeusi ile ile ya kaburini Mwingi.

"Pole sana, shem," Oyoo alisema, akamkabidhi kola, akajirudisha kwenye mashine zake.

Nzula alichuchumaa kando ya lile tuta dogo la udongo nyuma ya mabati. Alitoa kandambili za Yvonne kwenye kiondo, akaziweka juu, moja kando ya nyingine, kama mlangoni.

"Alikufa lini?"

"Usiku wa mwaka mpya."

"Na ile picha uliyoniandikia anakoroma?"

Odero akazitazama kandambili.

"Nilimwonyesha baba hiyo picha," Nzula akasema. "Nikamwambia, huyu ni mtu."

"Nzula, nisikize kidogo tu. Sikwenda kunywa, sikwenda kwa mwanamke. Nilikuwa nakujengea nyumba. Ndugu zangu wote walishika udongo. Nilitaka uje kwetu na heshima yako." Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo mpya, aliouchonga mwenyewe, ameufunga kwa kile kitambaa cha Juni, bado kina doa. "Kufuli yake hakuna mwizi wa Kenya hii atakayeifungua. Funguo ziko mbili tu. Nilikuwa niombe uwe mke wangu. Nilikosa, lakini nilikosa nikikufanyia wewe. Kosa la mbwa mmoja lisibomoe nyumba nzima!"

Nzula akasimama. Akaufungua ule ufunguo, akakikunja kitambaa chake, akakirudisha kwenye kiondo. Ufunguo akamwekea Odero kiganjani, akamfunga vidole juu yake, kimoja kimoja, taratibu, kama siku ile alipomfunga kidonda.

"Kufunga mlango unajua, Odero. Kukaa ndani ndiyo hujui."