Kiti Kilichotoka Matangani

Viti vilikuwa vinne, vya mbao ya mvule, vyenye mikono na matakia mekundu, vyote kazi ya fundi mmoja. Vitatu Basile alivipandisha mkokotenini peke yake. Cha nne kilimkatalia. Alikishika, akakivuta, kikanyanyuka upande mmoja tu, kama unapojaribu kumhamisha mzee aliyekwisha kuketi. Akajiambia ni mvua hii, takia limekunywa maji. Lakini mvua ilikuwa imevinyeshea viti vyote.

Tusimwonee Basile. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mchuuzi tu, na mchuuzi ana akili zake. Alitoka Kongo na mdogo wake Raphaël, wakapanga nyumba yenye kibaraza karibu na soko la mji wa Arua, ng'ambo ya mpaka, wakawa wananunua samani za makarani waliohamishwa, wanazipiga msasa na vanishi, wanaziuza tena. Watu wa Arua hawana haraka ya kununua kiti. Ndipo Basile akapata njia yake: kila penye msiba aliwaazima wafiwa viti bure. Mtu anakaa kutwa nzima, anaegemea, mgongo unapumzika, na akirudi kwake kwenye kigoda anakumbuka. Matanga yakiisha anakuja mwenyewe kuuliza bei.

Raphaël ndiye aliyekuwa akipeleka mizigo Koboko, mpaka mwaka wa sabini na sita aliposhushwa kwenye lori penye kizuizi cha barabarani, akaondoka na watu wenye bunduki, hakuonekana tena. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi mambo hayo hukuuliza mara mbili. Ayikoru, mke wa Basile, alisema wamlilie shemeji yake wapumzike. Basile alikataa katakata. Hakuona maiti, basi hakuna kilio. Aliyethubutu kusema "marehemu Raphaël" mbele yake aligombana naye siku nzima.

Safari hii viti vilikuwa kijiji cha Pajulu, kwa marehemu Dramadri, na matanga yalikuwa bado. Asubuhi hiyo Paska, mke wa sajini mmoja wa Koboko, alifika na gari akitafuta viti vinne vinavyofanana, na alitaka kuondoka navyo siku hiyo hiyo. Mteja wa namna hiyo ukimwachia, amekwenda. Basile akakimbilia Pajulu. Mvua ilikuwa imewaingiza watu ndani, viti vimebaki uani karibu na moto wa kilio.

Mjane wa Dramadri akatokeza mlangoni.

"Basile, hapana toa kiti. Matanga bado kwisha."

"Nisamehe, mama. Kiti iko yangu, na munuzi anangoja."

"Ndiyo, iko yako. Lakini ulitazama kwanza kama iko mutu?"

Basile akatazama. Hakukuwa na mtu. Pale Pajulu, kiti kilichokaliwa kwenye kilio hakiondoki mpaka moto uzimwe, waliokuja washukuriwe, waambiwe waende kwao. Basile alilijua hilo vizuri, maana Ayikoru ni mtoto wa Pajulu na alikwisha kumweleza. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Paska. Akakivutavuta kile cha nne mpaka kikapanda, akasukuma mkokoteni, na gurudumu la upande wa kile kiti likazama kwenye tope njia nzima.

Paska alivijaribu viti kimoja kimoja, akiegemea na kutabasamu. Kwenye cha nne alikaa, tabasamu likakatika. Akainuka polepole, akajipangusa nguo kwa nyuma.

"Hii hapana taka," akasema kwa sauti ndogo.

"Mama, zote iko sawa."

"Nimekaa juu ya magoti ya mutu, Basile."

Akapakia vitatu, akalipa bila kuomba apunguziwe, akaondoka. Mke wa sajini, asiombe kupunguziwa! Hapo tu Basile alipaswa kuogopa. Yeye alifurahi, akakiburuta kiti sebuleni, akakiegesha ukutani.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo mbichi, ule wa chini kabisa unaotoka shimoni, na ndani yake tumbaku ya kiko. Ayikoru alifagia, akafungua madirisha, akanyunyiza maji ya baraka aliyoyapata kanisani, na harufu haikusogea. Kisha ikaja sauti. Mchana, watu wakila, kiti kililia kwa mbao zake, sauti ya mtu mzito anayebadilisha ubavu. Wakaacha kutafuna. Takia lilikuwa limebonyea katikati, na pale lilipobonyea halikurudi.

"Ni mbao inakauka," Basile akasema.

"Mbao hapana vuta kamasi," Ayikoru akajibu, na kweli, ukisikiliza, kulikuwa na mtu anayevuta kamasi taratibu, kama waombolezaji wanavyofanya kilio kinapokuwa kimetulia.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Elise, aliyewabakia baada ya kuzika wawili. Elise hakuogopa. Siku moja Basile alimkuta amesimama mbele ya kiti na kikombe cha maji mikononi, amekinyoosha kwa adabu, anangoja kipokelewe.

"Unampa nani?"

"Mgeni, baba. Analia sana."

"Anasema nini?"

"Anauliza mbona hamujalaza mutu hapa."

Jioni ile Elise akashikwa na homa. Walimlaza chumbani, wakamfunika, wakampa dawa, na Ayikoru alipotoka kuchota maji na kurudi, kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa sebuleni. Alikuwa amelala chali sakafuni mbele ya kiti, miguu imeunganishwa, mikono imenyooshwa ubavuni, shuka limevutwa mpaka kidevuni kwa namna ambayo hakuna mtoto anayejifunika hivyo mwenyewe, na juu yake, kutoka kule kwenye takia lililobonyea, ile sauti ya kuvuta kamasi ilikuwa imegeuka kuwa mvumo wa wimbo, wimbo wa kilio usio na maneno, ukipanda na kushuka bila kupumzika, kama anayeuimba hana haja ya kuvuta pumzi. Ayikoru akamnyakua mwanawe, akatoka naye mpaka nje, naye Basile nyuma yake.

"Uza hiyo kitu," Ayikoru akasema. "Popote. Kwa bei yoyote. Itoke kwangu."

Basile akafanya anachokijua. Akakiweka kibarazani, na wapita njia wakavuka kwenda upande wa pili. Akakipeleka sokoni, na kila mteja alinyoosha mkono kugusa takia, akakumbuka ana shughuli nyingine. Akashusha bei mpaka ikawa aibu. Mtoto alikuwa hali, hanywi, anakonda huku wanamwona. Basi Basile akawaza Koboko. Koboko hawajui habari za Pajulu, na kuna watu wenye hela ya viti. Akawalipa vijana wanne wakakipakia kwenye lori, akakitua kwenye soko la Koboko kabla ya adhuhuri.

Karibu naye alikaa Madina, mwanamke wa Kinubi, muuza ubani, ambaye watu humwita nyumbani kwao mambo yakiwazidi. Alikitazama kiti kwa muda. Kisha akachukua ubani wake, akausogeza mbali.

"Wewe nauza kiti, ao nauza mwenye kukaa?"

Basile akachuchumaa mbele yake. Akamweleza yote, hakuficha hata kuhusu mjane na mvua.

"Majini nayo naenda matanga, mwanangu," Madina akasema, midomo haifunguki sana. "Nakaa na watu, nalia na watu. Watu wakipewa ruhusa, nayo narudi kwao. Huyu wewe ulibeba naye kabla ya ruhusa. Kwake kilio bado. Amekaa kwako, yeye nangoja maiti. Kwako nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi yeye nangoja ile iko karibu kufa."

Basile aliuona uso wa Elise mawazoni. Na wakati huo huo, wapo watu wenye bahati za ajabu, mama mmoja kijana wa Kuluba akasimama mbele ya kiti. Mgongoni alibeba mtoto aliyelala. Hakukaa, hakugusa, alikipenda kwa macho tu, na hela alikuwa nayo mkononi. Anachukua leo, akasema, mume wake anakuja na baiskeli. Basile akafungua mdomo aseme ndiyo. Mtoto yule mgongoni akapiga chafya usingizini.

"Kimekwisha kuuzwa, mama," Basile akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

Madina alingoja yule mama aende zake.

"Umefanya vizuri. Sasa iko njia moja. Mupe kilio yake, aone imekwisha, aende. Kwenu hakuna mutu alikufa bila kulizwa?"

Basile akaanza kukifuta kiti vumbi. Madina akauliza tena, kwa upole. Miaka ile ungemwuliza nani swali hilo Koboko au Arua akakosa jina la kukupa?

"Iko ndugu yangu," Basile akasema mwishowe. "Lakini mimi sijaona maiti."

"Mtoto wako unamuona," Madina akasema.

Jumapili, jua likielekea kuzama, waliwasha moto uani kwa Basile, Arua, kiti kimerudishwa na Madina amekuja nacho. Majirani walikuja kwa kunyata, hakuna ngoma, hakuna mayowe, maana kumlilia mtu aliyechukuliwa na bunduki ni kuwaambia wenye bunduki kwamba unajua. Kiti kiliwekwa karibu na moto. Elise alikuwa amelazwa mapajani mwa mama yake, macho yamegeuka meupe. Madina alifukiza ubani, akamnong'oneza Basile kwamba bila mwenyewe kutamka, mgeni hatasikia.

Alijaribu mara ya kwanza, akaishia kwenye jina. Ayikoru alimwinua mtoto kidogo amwone vizuri. Basile akapiga magoti mbele ya takia jekundu, na harufu ya shimo ikampiga usoni, na mvumo ukakoma kabisa, kukawa na kimya cha mtu aliyeinama ili asikie vizuri, naye akasema, kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia, kwamba Raphaël ndugu yake, mtoto wa mama yake, amekufa, hatarudi, na yeye kaka yake anamtoa leo kwa mikono yake mwenyewe. Kisha kilio kikamtoka, kilio cha kweli cha mwaka mzima, na majirani wakalia naye.

Walipochoka Madina akamwaga maji juu ya moto. Basile akasema: "Asanteni muliokaa na sisi. Matanga imekwisha. Muende salama." Kiti kikalia mara moja. Takia likapanda polepole, likajaa, likawa takia.

Elise akafumbua macho, akaomba uji.

Wiki ile nyumba ilikuwa na furaha iliyochanganyika na huzuni, lakini furaha ilizidi. Mtoto anakula, anacheza. Basile alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya mdogo wake, na kwa mara ya kwanza alilala usingizi mzima. Alikuwa kibarazani anapiga msasa meza aliposhuka baiskelini Jacques, mchuuzi wa upande wa Aru, Kongo, waliyefahamiana zamani. Jacques alikitazama kichwa kilichonyolewa, akatazama majivu uani, akavua kofia.

"Pole sana, Basile. Nani alileta habari mbele yangu?"

"Habari gani?"

"Ya Raphaël."

Ayikoru akatoka ndani, akasimama na mwiko mkononi.

"Alitoroka wale watu," Jacques akasema, anashangaa kwamba anawaeleza. "Alikuwa kwetu mwaka yote, anafanya useremala. Aliogopa kutuma barua, mpakani wanapekua. Alikuwa muzima kabisa. Jumapili jioni tulikuwa tunakula, anacheka. Mara akaacha chakula. Akasema, yaya, kaka yangu Basile, ananiita. Tukasikiliza, hakuna kitu. Akasema tena, yaya anasema nimekufa. Tulizani anatania."

Msasa ulikuwa bado mkononi mwa Basile. Elise alikuwa anakimbia huku na huku uani.

"Akasema nini tena?" Basile akauliza.

"Kabla ya kukata roho alisimama, akapiga kelele kuelekea huku kwenu. Alisema, ambieni yaya mimi iko muzima."