Fuwele Zangu za Shaba Zilipewa Jina la Mchumba Wangu

Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na shahada yangu ya uzamili bado haijaisha. Wenzangu hapa Nakuru hunitania kwamba nitaisomea hadi nistaafu. Mimi hucheka nao tu. Wangejua...

Utafiti wangu ulikuwa wa shaba. Unachanganya chumvi ya shaba na kiungo ulichokitengeneza mwenyewe, kinaitwa ligandi, nacho kinaishika ile shaba. Kutengeneza si kazi. Kazi ni kuthibitisha umetengeneza nini! Lazima upate fuwele moja safi, yaani chembe ngumu inayong'aa kama ya chumvi, itumwe ng'ambo kwenye mashine ya eksirei, ionyeshe kila atomu imekaa wapi. Msimamizi wangu aliniambia waziwazi kwamba bila fuwele hakuna shahada.

Mwaka mzima nilipata unga tu. Siku moja methanoli niliyozoea kuyeyushia iliisha, nikayeyusha unga wangu kwa asetoni ya kuoshea vyombo. Nikafunika chupa kwa foili yenye matundu na kuziacha zitulie, ili asetoni ikauke polepole na fuwele ziote. Chupa hizo hazisafirishwi, maana zikitikiswa umepoteza kila kitu.

Ndipo mama akazidiwa na ugonjwa kule kwetu Kabazi. Ningemwachia nani chupa zangu kama si Kelvin? Hilo si jina lake halisi. Tulifanya kazi maabara moja, na alikuwa ameshakuja kwetu kujitambulisha kama mchumba wangu. Alinipigia simu nikimlisha mama uji. Akasema, "Babe, pole. Zimekuwa unga tena, nimemwaga." Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika kijiko. Mama alipouliza kuna nini, nilisingizia moshi wa jikoni.

Mama alifariki. Kelvin alikuja mazishini, akashika sepetu akafukia kaburi pamoja na ndugu zangu. Nikashukuru Mungu kwamba amenipa mume.

Nilikaa nyumbani karibu mwaka. Niliporudi chuoni nilikuta semina, Kelvin amesimama mbele, na kwenye skrini muundo wa shaba iliyoshikwa na ligandi yangu! Alisema aliikuza fuwele kwenye methanoli. Lakini mashine haidanganyi. Kando ya shaba kulikuwa na molekuli ya asetoni iliyonaswa ndani ya fuwele... Niliinuka, nikamuuliza hiyo asetoni ilitoka wapi. Alibonyeza slaidi inayofuata.

Mnadhani nilitetewa? Msimamizi aliniita ofisini, akasema makala ilikuwa imeshachapishwa, na jina lake mwenyewe lilikuwa hapo chini ya la Kelvin. Kuhusu fuwele zilikotoka, alisema hakuuliza. Mimi sikuwa na hata picha ya chupa zangu. Akanishauri nianze upya na zinki badala ya shaba.

Kelvin alinisubiri nje. Hakuomba msamaha. Alisema, "Si tunaoana? Sasa yangu na yako ni gani?" Nilimwacha siku hiyo hiyo, na nilimlilia kwa miezi. Niliumia sana, ndugu zangu. Ninaumia hata sasa.

Nawasihi ninyi mnaosoma na wapenzi wenu: pendaneni, lakini kazi yako iandike jina, ipige picha, imwonyeshe mwalimu mbele ya wengine kabla hujaondoka, hata kama ni mzazi anakufa. Nasema hivi nikijua ni maneno magumu. Mimi siku hizi nikitoka maabara huzifungia chupa zangu za zinki kabatini, na sina mtu wa kumwachia ufunguo.