Buransi ya Kwao Puran

Walikutana kwa kugongana, katika msongamano wa soko la Paltan Bazaar, mjini Dehradun. Hansi, kavaa shali ya manjano, alibeba furushi la maua pori kupeleka kazini, alikokuwa akiyatambua na kuyaandikia vibandiko: jina, mahali, kimo cha mlima, tarehe. Puran, fundi cherehani, akammwagia chai.

"Macho huna?"

"Ninayo, dada. Yamekuona wewe, yakasahau njia."

Mjinga huyu! Hansi akacheka, na hapo ndipo alipokwisha.

Mwaka mzima Hansi alimtembeza vilimani, akimwonyesha maua ya manjano ya Machi, waridi pori la Mei, ya zambarau baada ya mvua. Desemba Puran akapanda kwao, juu kabisa, kusiko na mtandao, kumwuguza mama yake.

"Maua ya buransi yakichanua nitamleta mama akupose, laazizi. Ningojee."

Kwenye vilima vya kwao Hansi buransi ilichanua Februari, miti ikawa myekundu mizima. Puran haonekani. Machi maua yakapukutika. Simu haipatikani. Hansi alilia mpaka macho yakavimba.

"Anayekutaka angekuja," baba yake akasema.

Kwa uchungu, Hansi akaikubali posa ya mwalimu mmoja mpole wa Haridwar.

Mwisho wa Aprili, bado siku moja harusi, hina mikononi haijakauka, simu ikalia.

"Hansi wangu! Niko stendi na mama, amepona. Buransi imechanua!"

"Imechanua? Ilikwisha tangu Machi!"

"Huko kwenu chini. Kwetu theluji imeyeyuka juzijuzi tu. Si wewe unayeandika kimo cha mlima kila siku?"

Vibandiko vyote vile, na hakukumbuka kuwa ua lile hupanda mlima polepole!

"Puran, naolewa kesho."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mama mtu mzima kwa mbali: "Anasemaje, mwanangu?"

Hansi alimwendea baba yake, akapiga magoti. "Kosa ni langu, baba. Nipige, lakini kesho siolewi."

"Wageni mia tatu! Uso wangu nitauficha wapi?" Mzee akaketi, akashika kichwa. Kisha akauliza, "Huyo mama amesafiri siku ngapi?"

"Mbili."

"Nitakwenda kumpokea. Lakini mwalimu mwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Hansi akabonyeza namba.

"Bibi harusi wangu!" mwalimu akaitika, kwa furaha tele.