Karibu Chakula, Mzee

Haya yaliwapata watu ninaowafahamu, si habari ya kuokota njiani. Vumilia mwenyewe ndiye aliyenisimulia, amekaa kwenye sofa ya binti yake huko Hallonbergen, Stockholm, chai imempoea mkononi, na hakutoa chozi hata moja. Ukimwona mwanamke anasimulia habari za mumewe hivyo, kaa kimya usikilize.

Wote wawili walikuwa wamestaafu. Evodius, mumewe, alikuja Sweden kijana wa mafunzo, akaishia miaka thelathini na mbili kwenye kiwanda cha malori Södertälje. Vumilia aliwahudumia wazee huko Vällingby, akiwaogesha na kuwalisha, hadi mgongo wake mwenyewe ulipomgomea. Nyumba yao ya Bukoba ilikuwa haijaezekwa, na fundi aliahidi kumaliza kabla ya Mei. Fleti walikwisha kuirudisha. Sasa kuanzia Novemba wangekaa wapi? Kwa Prudence, binti yao, kulikuwa na chumba kimoja na watoto wawili.

Evodius akaja na wazo lake. Kazini aliwasikia Waswidi wakisimulia jinsi wastaafu wanavyonunua husbil, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo, wakaendesha hadi jangwa la kusini mwa Hispania na kukaa huko mpaka baridi iishe. "Mama Prudence, nasi tutaota jua jangwani kama mijusi," alisema. Akanunua moja kuukuu. Giaboksi ikagoma kabla hawajatoka hata Stockholm. Ungemwambia alipeleke gereji? Thubutu! Fundi wa malori, gari lake liguswe na mwingine? Akaliegesha kwenye kambi ya magari kama hayo kando ya ziwa, mbele kidogo ya Vällingby, akaagiza kipuri na kungoja. Kipuri hakikuja. Ikaja theluji.

Ulikuwa mwaka 2009, na baridi ya mwaka ule waulize waliokuwepo. Ziwa liliganda lote. Wenye magari mengine waliondoka mmoja mmoja, likabaki lao peke yake, na mbele ya dirisha uwanda mweupe usio na mti wala jiwe. "Si ulitaka jangwa?" Vumilia alimtania. "Hilo hapo. Kaote jua."

Kusema kweli walikuwa na raha yao. Walicheza karata, walisikiliza redio, walihesabu siku za kwenda nyumbani. Chakula kikuu walikula saa tisa alasiri, wakati mwanga wa Desemba unapozimika. Siku moja Vumilia alikuwa amepika ndizi na maharage. Evodius ameshika kijiko, akachungulia nje.

"Tazama yule. Baridi yote hii!"

Mbali kule, kama hatua mia mbili, mtu alikuwa amekaa juu ya barafu. Mzee, ukimwangalia mabega. Amewapa mgongo, ameinamia tundu, kama wanavyokaa Waswidi wakivua samaki wakati wa baridi. Evodius akainua kijiko kuelekea dirishani, akasema kwa sauti, "Karibu chakula, mzee!"

Mzaha tu. Nani kati yetu asiyeifahamu adabu hiyo? Mtu akikuona unakula, unamkaribisha. Naye anajibu asante, nimeshiba, endeleeni, hata kama ana njaa ya tangu jana. Anayekaribisha anajua, anayekaribishwa anajua, na sufuria inabaki salama. Wakacheka, wakala.

Kesho yake yule mtu alikuwepo tena. Hatua mia moja.

"Leo amesogea," Vumilia alisema.

"Amefuata samaki. Karibu chakula, mzee!"

Ijumaa akaja Sune, Mswidi aliyekuwa akikagua kambi mara moja kwa wiki. Vumilia akamuuliza kuhusu mvuvi. Sune akamtazama, akatazama ziwa.

"Hakuna anayevua hapa," alisema. "Chini kuna mkondo. Barafu ya hapa haimshiki mtu."

Vumilia akatembea kando ya ziwa, akaangalia vizuri. Theluji ilikuwa safi hadi upeo wa macho. Hakuona tundu wala unyayo, hata wa ndege.

Alimwambia mumewe jambo ambalo miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha. "Baba Prudence, acha kumkaribisha yule. Watu wa huku ukiwaambia karibu, wanakuja. Hawajui kwamba wanatakiwa kukataa."

"Wewe nawe! Mzee wa watu, peke yake, tule mbele yake kimya kama mbwa?"

Jumapili alikuwa hatua ishirini kutoka dirishani. Bado amewapa mgongo. Koti lake lilikuwa limelowa, na katika baridi ile, nyuzi ishirini chini ya sifuri, lilikuwa likichuruzika maji. Safari hii Evodius hakucheka. Lakini adabu ni ugonjwa, ndugu zangu, inakutoka mdomoni kabla hujafikiri.

"Karibu chakula," alisema kwa sauti ya chini.

Mlango ukagongwa.

Vumilia akafungua. Hapakuwa na mtu. Baridi ikaingia, ikampita kiunoni kama mtu anayepenya kwenye mlango mwembamba. Nje theluji ilikuwa vilevile, haijakanyagwa. Kwenye barafu hapakuwa na mtu tena.

Akageuka. Evodius alikuwa amesogea kwenye benchi, amempisha mtu nafasi.

Tangu siku ile chakula hakikumkaa Evodius mwilini. Vumilia alipakua sahani mbili. Mume alikula vijiko vitatu, vinne, sahani ikawa tupu. Aliongezewa, ikawa tupu. Alikuwa na njaa asubuhi na njaa jioni. Suruali zikaanza kumdondoka. Na kila walipomaliza kula, pale kwenye benchi, ubavuni mwake, palikuwa pamelowa. Vumilia alipafuta kwa kitambaa. Maji yalikuwa baridi hadi yanauma vidole, na yalinuka tope la ziwani.

Alisali, akapaka mlango mafuta ya kanisani. Mwisho akampigia simu Prudence, akamweleza yote bila kuficha, na Prudence akajibu kwa Kiswidi kama kawaida yake kwamba ni giza tu, Mama, giza la huku linachezea watu akili, njooni tutabanana. Vumilia akafunga mizigo. Evodius akakaa mlangoni, mifupa ya uso imetokeza.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Mgeni akija asitukute?"

Hapo ndipo Vumilia alipoogopa hasa. Hakuwa na hofu ya kufa. Alikuwa na hofu ya kurudi Bukoba peke yake, kuingia kwenye nyumba yenye bati jipya na vitanda viwili, akalala kimoja. Miaka arobaini walikuwa wakiizungumzia nyumba hiyo. Hakuwa tayari kumwacha mumewe kwenye lile jangwa la barafu.

Mapema Februari alikuwa anaosha vyombo, jua ndiyo kwanza limezama. Akasikia sauti kutoka nje, ng'ambo ya dirisha.

"Karibu chakula, mzee."

Ilikuwa sauti ya mumewe. Lafudhi ileile, mzaha uleule. Akageuka kumuuliza Evodius anafanya nini huko nje.

Evodius alikuwa ndani. Alikuwa anavaa soksi.

"Amekula kwetu muda wote huu," alisema polepole. "Leo ananikaribisha kwake. Nitakataaje?"

"Usiende."

"Ni aibu, Mama Prudence."

Vumilia akamshika. Evodius alikuwa amebaki mifupa, lakini alimsukuma kama pazia. Mlango ukafunguka. Akaenda kwa soksi juu ya barafu, hakuteleza, hakugeuka.

Vumilia akamfuata. Barafu ililia chini ya miguu yake. Akapiga magoti, akatambaa, viganja vikamganda na kuchubuka. Kule mbele walikuwa wamekaa wawili, bega kwa bega, wamempa mgongo. Katikati yao kulikuwa na tundu jeusi, la mviringo. Evodius alikuwa ameinama, mkono wake umezama humo hadi kwenye kiwiko. Si yeye aliyeuingiza. Ulikuwa unavutwa.

Alimshika kiuno, akavuta. Haikusaidia kitu. Barafu ikatoa mlio mrefu.

Hapo akafanya alichofanya. Usimlaumu. Hata mimi ningefanya hivyo, na wewe pia. Aliwaza: huyu anafuata adabu. Basi nami nimpe adabu. Akalainisha sauti, akasema kama anavyosema mwanamke yeyote mwenye heshima akitaka kuondoka kwa watu bila kuwaudhi.

"Asante sana, mzee wangu. Leo mume wangu anaumwa. Tuwie radhi. Siku nyingine tutakuja, mimi na yeye, wote wawili."

Yule wa pembeni aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali. Mkono wa Evodius ukaachiliwa.

Walilala Hallonbergen usiku huohuo, wamebanana na wajukuu sakafuni. Asubuhi Evodius aliomba uji, akanywa, akashiba. Akashiba, nakwambia! Vumilia alienda kulia chooni kwa furaha. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mwili ukamrudia. Mkono tu ndio uliobaki na alama za vidole, za buluu, hazikuisha. Gari lile waliliacha pale pale, mtu akalinunua kwa vipuri. Barafu ikayeyuka Aprili, ziwa likawa maji. Fundi wa Bukoba akapiga simu: bati limekaa. Tiketi zikakatwa, Jumanne ya kwanza ya Mei.

Jumapili kabla ya safari Prudence alifanya karamu ya kuwaaga. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Mei limejaa nyumba nzima. Watu walijaa: Precieuse, jirani wa Prudence, na Wakongo wenzake na pondu yao, yaani kisamvu, Watanzania na pilau yao, watoto wanakimbizana kwa Kiswidi. Vumilia alikuwa jikoni anageuza samaki kwenye mafuta. Alikuwa anaimba.

Aliporudi sebuleni na sinia, kiti cha Evodius kilikuwa kitupu.

"Baba yuko wapi?"

"Si ameteremka," Prudence alisema. "Ulimwita."

"Nimemwita wapi?"

Prudence akaonyesha simu ya ukutani, ile ya mlango wa chini, ambayo mgeni hubonyeza aseme ni nani. "Ililia, nikapokea mimi. Nilishangaa umetoka saa ngapi. Baba naye akasikia, akasema haya, nakuja."

Vumilia aliweka sinia chini.

"Nilisema nini?"

"Mama..."

"Prudence. Nilisema nini?"

Binti alimsogelea. Alinong'ona.

"'Siku nyingine.' Basi. 'Siku nyingine, siku nyingine.' Sauti ilikuwa yako, Mama."

Ngazi zilikuwa zimelowa kutoka ghorofa ya tatu hadi chini.

Polisi walikuwa watu wema, lazima niseme hivyo. Walitafuta siku tatu. Tiketi za Jumanne zikapita. Jumatano akaja polisi wa kike, kijana, akakaa pale pale kwenye sofa alipokaa Vumilia akinisimulia mimi. Aliuliza kama Evodius alikuwa na huzuni. Hapana. Kama alikuwa na maadui. Hapana. Kama alikuwa na miadi na mtu.

Vumilia akageuka kuitazama simu ya ukutani.

Basi polisi akatoa picha. Ilipigwa kutoka kwenye boti, alisema, na wakubwa wake hawajui waielezeje, maana ziwa halina barafu kwa wiki mbili sasa na watoto wameanza kuogelea. Lakini mbele ya ile kambi, kwenye maji ya buluu, palikuwa na kipande kimoja cha barafu kikielea, kikubwa kama meza ya watu wengi. Juu yake kulikuwa na theluji, na juu ya theluji mahali patatu pa kukaa.

Mahali pa kwanza theluji ilikuwa imebonyea tu, haijayeyuka. Mahali pa pili ilikuwa imeyeyuka, kama inavyoyeyuka mtu mwenye joto akiikalia muda mrefu.

Mahali pa tatu hapakuwa pamekaliwa. Theluji ilikuwa imefagiwa na kusawazishwa vizuri, kama anavyofanya mwenyeji anayemtarajia mgeni wake.

"Hapa pa tatu tunafikiri palitengewa mtu mwingine," polisi alisema. "Unajua ni nafasi ya nani?"