Mlango wa Upande wa Wangeci

"Usiniambie tena ni fiuzi, Mwaura. Ni fiuzi gani hiyo inachagua mtu?"

"Jerotich, punguza sauti. Majirani."

"Wasikie! Mama yako akikaa hapo mbele, mlango hauna shida. Tabby wa kanisa akipewa lifti, unafunguka vizuri tu. Mimi nikiugusa, tk, umejifunga. Kwani mimi niko na ugonjwa?"

Mwaura alikuwa amechuchumaa kando ya usukani, kisanduku cha fiuzi kiko wazi. Alichomoa fiuzi ya milango, akaiinua juani. Uzi wake ulikuwa mzima. Akairudisha.

Gari lilikuwa la kijivu, la zamani, alilolinunua na mke wake wa kwanza, Wangeci, wakati Wangeci akipakia maua ya waridi katika shamba moja la Naivasha. Wangeci alifariki bila kuacha mtoto. Baadaye Mwaura akamwoa Jerotich, wakamzaa Shantel, ambaye sasa alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia viti.

Jerotich hakuwahi kumwona Wangeci hata siku moja, lakini alimwonea wivu kama mtu anayeishi nyumba ya pili. Aliitoa picha yake ukutani. Aligawa sufuria zake na kuchoma mapazia aliyoshona. Kilichobaki ni gari tu, na ndani ya gari, kiti cha mbele cha kushoto, ambacho kila alipokisogelea kilinuka waridi lililolowa, baridi, kana kwamba limetolewa sasa hivi kwenye jokofu. Mwaura aliapa kwamba hasikii harufu yoyote. Jerotich alidhani anamficha mwanamke.

Lakini siku hiyo hawakuwa wakigombana kuhusu harufu. Asubuhi, sokoni, Jerotich alikuwa amemweka Shantel kwenye kiti hicho, akazunguka nyuma kutia viazi. Milango yote ikajifunga. Alizungusha ufunguo, kile kishikio kidogo cha loki kando ya kioo kikapanda, kisha kikavutwa chini tena, taratibu, kama kwa vidole. Jua lilikuwa kali na vioo vimepandishwa. Watu wa bodaboda walikuwa wameshaokota jiwe wakati mlango ulipofunguka wenyewe. Shantel alikuwa amelowa jasho, lakini hakuwa akilia. Alikuwa akicheka, ameinua uso wake kama mtoto aliyepakatwa.

"Mlango utengenezwe leo," Jerotich alisema sasa, akimkaza mtoto mgongoni. "La sivyo mimi na Shantel tunaenda kwetu Rongai, na wewe ubaki na gari ya bibi yako wa kwanza."

Wakaenda mtaa wa Kaptembwo, hapo Nakuru, kwa Makhanu, fundi wa umeme wa magari, aliyefanya kazi chini ya paa la mabati mawili.

"Mathe, hii gari imezeeka," Makhanu alimchekea Jerotich. "Mzee lazima awe na maringo kidogo."

"Maringo yake ni kwangu tu."

"Basi imekupenda."

Makhanu alianza na swichi ya dereva. Nzima. Akakunjua mpira ulio kati ya mlango na bodi, kwa sababu mlango ukifunguliwa na kufungwa miaka mingi, waya hukatikia humo. Waya zote zilikuwa nzima. Ndipo akabandua ubao wa ndani ya mlango, akaifungua mota ya loki, kitu cheusi kinachotosha kiganjani, akaichomoa waya zake.

"Ingia, mathe. Tujaribu bila hii."

Jerotich aliketi. Tk. Alisikia mlio, lakini mlango haukujifunga. Akaufungua na kuufunga, tena na tena, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na harufu. Alicheka kwa sauti. Hakuuona uso wa Makhanu.

Fundi alitia mota nyingine haraka haraka, kisha akamvuta Mwaura nyuma ya gari.

"Boss," alinong'ona, "hii kitu imeruka kwa mkono yangu. Haina waya na imeruka."

"Nyamaza."

"Kuna mtu alikufia kwa hiyo kiti?"

Mwaura alitazama upande wa mkewe. "Wangeci. Nilikuwa namkimbiza hospitali. Njia yote alishikilia huo mlango, ananiambia, nirudishe nyumbani, nirudishe nyumbani. Sikugeuza gari."

"Na huyu wa sasa anajua?"

"Nilimwambia alifia kitandani, wodini."

Makhanu alijipangusa mikono, ingawa haikuwa na grisi. "Basi niachie niichome na oili chafu. Usiipeleke kwako, boss. Kitu kama hiyo haiingii kwa nyumba mpaka mwenye nyumba aibebe mwenyewe."

Kutoka kwenye kiti, Jerotich alisikia neno moja tu: Wangeci. Damu ikamchemka. Alishuka.

"Mnanong'onezana nini? Fundi, ile ya zamani iko wapi?"

Hapo hakuna aliyeshangaa. Nakuru nzima inajua kwamba fundi asiyekurudishia kifaa cha zamani hajakibadilisha. Amekipangusa vumbi akakirudisha. Jerotich alikuwa amewahi kudanganywa hivyo, akaapa haitatokea tena.

"Hiyo haina kazi, mathe. Ni taka."

"Kama ni taka, mbona umeificha nyuma? Ama ni kumbukumbu ya bibi yake? Lete hapa."

Makhanu alimtazama Mwaura. Neno moja lingetosha. Mwaura alifungua kinywa, akaufikiria ule uongo wa wodini, akaona haya.

"Mpe," alisema.

Jerotich aliitia kwenye mkoba wa mtoto, kati ya nepi na chupa ya uji.

Mwaura aliwashusha nyumbani, akaondoka na gari kwenda kazini. Jerotich alimlaza Shantel kitandani, akauweka mkoba miguuni pake, akatoka uani kufua. Aliimba. Ile nyumba, hatimaye, ilikuwa yake.

Tk.

Aligeuka kulitazama gari, kisha akakumbuka kwamba gari halipo. Akaingia ndani. Mlango wa chumba cha kulala, ambao huachwa wazi daima, ulikuwa umefungwa, na aliposukuma alihisi komeo la ndani limekazwa, lile komeo la juu ambalo hata yeye hulifikia kwa kunyoosha mkono. Simu ikalia mfukoni mwake.

"Jerotich," Mwaura alisema kwa sauti ndogo, akihema. "Makhanu amenipigia. Ile mota iko wapi?"

"Kwa mkoba wa mtoto. Mwaura, mlango wa chumba umejifunga."

"Itoe nje! Nisamehe, nilikudanganya. Alifia kwa hiyo kiti, Jerotich, akiniomba nimrudishe nyumbani."

Simu ilimponyoka, kwa sababu chini ya mlango ilikuwa ikitoka harufu ya waridi lililolowa, baridi kiasi cha kumuuma vidole vya miguu, na ndani Shantel alikuwa ameanza kulia, kisha kilio kikapungua kidogo kidogo kama kinavyopungua mtoto anapoinuliwa na kuegemezwa begani, na kitanda kikalia kama kitanda kinavyolia mtu mzima anapoketi, na Jerotich akapiga mlango kwa ngumi zote mbili, akilikumbuka dirisha na kukumbuka papo hapo vyuma alivyosisitiza viwekwe ili mwizi asiingie, akimwita mtoto, akimwita Mwaura, akiita jina la Yesu, mpaka sauti ya mwanamke, ya upole, ya mwenye nyumba aliyechoka na safari ndefu, ikamjibu kutoka upande wa pili wa mlango:

"Usigonge hivyo, mdogo wangu. Ndio nimembembeleza akalala."