Beberu wa Marehemu Magige

Kila asubuhi Nyangi alianza na sala, kisha mbuzi. Alipiga ishara ya msalaba mlangoni, akachukua kibuyu cha maziwa, akaelekea zizini.

Nyangi alikuwa mjane wa mwaka wa tano. Kijiji chao kilikuwa mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Butiama. Ng'ombe wake wote waliibiwa katika ile miaka ya shida, miaka ya kupanga foleni ya sabuni na chumvi. Mbuzi ndio waliobaki. Kwa mbuzi hao mjukuu wake alipata maziwa, na binti yake Penina alipata sare ya shule. Mbuzi wakiisha, hakuna kingine.

Asubuhi hiyo hakukamua. Alimkuta mwanambuzi amelala kwenye majani, shingo imenyooka. Alikuwa amezaliwa juzi tu. Miguu yake ya mbele ilikuwa imepinda. Hata kusimama hakuwahi.

"Wa nne huyu, mama," Penina alisema.

"Nimeona. Lete jembe."

Mwaka ule mambo yalikuwa hivyo. Majike wawili walitupa mimba. Mwanambuzi mmoja alizaliwa kipofu. Waliopona walikua polepole, wadogo kuliko mama zao. Nyangi aliwanywesha dawa ya minyoo. Alihamisha zizi. Aliomba novena nzima, sala za siku tisa. Mwisho akafanya jambo ambalo hakumwambia padri: alimfunga kila mwanambuzi uzi mweusi shingoni, wa kuzuia jicho baya.

Jicho la nani? Moyoni alikuwa na jina. Jirani yake Tereza alikuwa anapita hapo kila jioni akitoka kisimani. Kila mara alisimama na ndoo yake kichwani, akasema, "Mama Penina, mbuzi wako wananipendeza." Yeye Tereza hakuwa na mbuzi hata mmoja. Siku hizi Nyangi alimjibu kwa mkato, na hakumkaribisha tena kukaa.

Katikati ya zizi alisimama beberu mkubwa mwekundu, ndevu zimefika kifuani. Huyo alikuwa wa marehemu Magige, mume wa Nyangi. Katika ukoo wao, beberu aliyeachwa na mwenye boma hauzwi wala hachinjwi. Hatoki katika ukoo mpaka afe mwenyewe kwa uzee. "Huyu ndiye mwanaume wa boma sasa," shemeji yake Werema alimwambia siku ya kumaliza matanga. Basi Nyangi alimpa beberu huyo pumba kabla ya mbuzi wote.

Mwezi wa sita, kina mama wa parokia walikwenda Musoma kusali. Walipanda lori la pamba, wakaimba njia nzima. Baada ya misa Tereza alisema, "Kaka yangu Apolinary anafanya kazi kwenye bustani ya wanyama. Amenituma niwalete. Wanyama wapya wamefika."

Nyangi hakutaka kitu chochote kilichotoka kwa Tereza. Lakini wenzake wote walikwenda, na lori lingeondoka saa tisa. Akafuata nyuma.

Bustani ile ilikuwa ya zamani. Wazazi wao waliijua wakiwa watoto. Katika miaka ya shida ilikuwa imechakaa. Mabanda yalikuwa matupu, waya umeliwa na kutu. Sasa Nyangi aliona waya mpya na rangi mpya. Aliona kobe wakubwa kwenye bwawa lao, na nungunungu waliowachekesha kina mama kwa hasira zao. Mbele zaidi palikuwa na uwanja mpana wenye maji na mafunjo, kama ukingo wa ziwa kabisa. Ndani yake walisimama nzohe, swala wale wanaoishi majini. Walikuwa majike sita, na dume mmoja mwenye pembe za kujisokota. Watoto watatu walikuwa wanarukaruka kwenye matope.

Apolinary alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye buti za mpira. Aliwasalimia kina mama wote mmoja mmoja. Nyangi alitazama nzohe kwa muda mrefu.

"Nilikujaga hapa na marehemu mume wangu," alisema. "Kulikuwa na dume mzee, pembe yake moja imevunjika. Amekufa?"

"Hajafa, mama. Tumempeleka bustani nyingine, mbali."

"Yaani mmemfukuza uzeeni?"

"Tumemwokoa, na ukoo wake tumeuokoa." Apolinary alicheka. "Sikilizeni, mama zangu. Yule mzee alikuja hapa na majike wawili. Wakazaa. Mabinti wakakua, akawapanda mabinti zake. Wakazaa tena, akawapanda wajukuu zake. Tulijua si vizuri. Lakini miaka ile hapakuwa na mafuta ya gari wala ruhusa ya safari. Tungemtoa wapi dume mwingine?"

"Kwani wanyama wanajua ndugu?" mama mmoja aliuliza.

"Hawajui. Damu ndiyo inajua. Kila mnyama ana ubovu kidogo uliojificha katika damu yake. Akizaa na mgeni, ubovu wa huyu unafunikwa na uzima wa yule. Akizaa na binti yake, wote wana ubovu uleule. Unakutana, unatokea nje. Hapa watoto walianza kuzaliwa dhaifu. Mwingine haoni. Mwingine hanyonyi."

Nyangi alishika waya. "Na miguu?" aliuliza. "Miguu ya mbele ilikuwa inapinda?"

Apolinary aliacha kucheka. "Mama, wewe unafuga nini?"

"Mbuzi."

"Beberu una wangapi?"

"Mmoja."

"Ana miaka mingapi hapo bomani?"

"Saba. Wa nane huu."

"Na hao majike, nani baba yao?"

Nyangi aliwapitia mbuzi wake moyoni, kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine. Tereza ndiye aliyejibu.

"Ni huyohuyo, kaka. Namwona kila siku. Pale bomani yeye ni mume, ni baba, na ni babu."

Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyangi naye alicheka kidogo. Kisha uso wake ukawa wa moto kwa aibu. Mwaka mzima alikuwa amemwangalia Tereza kama mchawi, na ugonjwa alikuwa anaulisha pumba kwa mkono wake mwenyewe.

"Nifanyeje, ndugu yangu?" alimwuliza Apolinary.

"Kwanza mwite bwana mifugo awapime. Kutupa mimba kunaweza kuwa ugonjwa pia, na ugonjwa una dawa yake. Pili, badilisha beberu. Mtafute wa mbali, ambaye hana undugu na mbuzi wako. Kila miaka miwili badilisha tena, kabla mabinti zake hawajafika umri wa kupandwa. Tatu, wale madume wadogo wahasiwe mapema, wakiwa na miezi mitatu, wasije wakapanda dada zao. Na uandike. Sisi hapa kila mtoto anayezaliwa tunaandika mama yake na baba yake."

"Mimi nimeishia darasa la nne."

"Darasa la nne linatosha. Ni majina mawili tu."

Siku ya pili yake Nyangi alimpelekea Werema habari hiyo. Shemeji yake alikuwa anasuka kamba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatema mate pembeni.

"Hao wanyama ni wa serikali, shemeji. Mbuzi wetu ni wa kwetu. Beberu wa kaka yangu hatoki."

"Mbuzi wanakwisha, baba."

"Watazaa wengine."

"Wanazaa. Halafu nawafukia."

Werema aliendelea kusuka. Nyangi alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, nikuulize. Kijana wako akileta mchumba, unaanza kuuliza nini?"

"Ukoo wake. Kila mtu anajua."

"Kwa nini?"

"Asije akawa dada yake. Tunauliza mpaka babu wa babu."

"Na wakikutwa ndugu?"

"Posa inavunjika. Hapo hakuna mjadala." Mikono ya Werema ilisimama kwenye kamba. Alimtazama Nyangi kwa jicho moja. "Wewe mwanamke, unanipeleka wapi?"

"Watu tunawauliza mpaka babu wa babu. Mbuzi tumewaachia wafanye tunalokataza."

Werema aliweka kamba chini. "Lakini hatoki katika ukoo," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Hilo siwezi kulivunja."

"Nani kasema atoke katika ukoo? Dada yenu Dorkas yuko Kibara. Ana mbuzi. Yeye si damu ya Magige?"

"Dorkas..." Werema alikuna kidevu. "Dorkas ni wetu. Kwa Dorkas si nje."

Hata hapo Nyangi hakuwa na haraka. Alimtuma Penina Kibara na swali moja: mbuzi wa shangazi walitoka wapi? Jibu likarudi. Majike wote walinunuliwa hukohuko Kibara. Beberu wao alivuka na kivuko kutoka Ukerewe, akashukia Kisorya. Hapakuwa na undugu popote. Bwana mifugo alikuja, akapima, akatibu majike wawili na kusema beberu mwekundu ni mzima. Ubaya wake ulikuwa kwa mabinti zake tu. Huko Kibara angekuwa mgeni mwenye heshima.

Werema mwenyewe ndiye aliyempeleka, kwa lori mpaka Bunda, kisha Kibara. Alirudi na yule beberu wa Ukerewe, mweusi mwenye masikio marefu. Nyangi alimweka peke yake wiki mbili, kama alivyoambiwa na bwana mifugo, aonekane kwanza kama hana ugonjwa. Madume wadogo walihasiwa. Penina alishona daftari kwa karatasi za shule, akaandika jina la kila jike.

Miezi mitano baada ya beberu mweusi kuingia zizini, mbuzi walianza kuzaa. Jike wa kwanza alizaa asubuhi, Nyangi akiwa bado na rozari mkononi. Mwanambuzi alianguka kwenye majani, akapiga chafya. Mama yake akamlamba. Nyangi alipiga magoti pembeni, akasubiri. Mwanambuzi akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena. Miguu minne iliyonyooka ikatetemeka, ikashika. Akatafuta chuchu, akanyonya.

"Asante, Bwana," Nyangi alisema taratibu.

Mwezi huo walizaliwa wanane. Wanane wote walisimama. Penina aliandika: mama fulani, baba mweusi wa Kibara. Maziwa yalijaa kibuyu, mjukuu akaanza kunenepa mashavu.

Wanambuzi walipoachishwa kunyonya, Tereza alipita jioni moja kutoka kisimani. Safari hii Nyangi ndiye aliyemwita.

"Tua ndoo, mama. Kaa."

Tereza alikaa, akashangaa kidogo. Nyangi aliingia zizini, akatoka na mtamba mdogo mwenye doa jeupe. Akamweka mapajani mwa jirani yake.

"Huyu ni wako."

"Wangu? Kwa nini?"

"Nilikuwazia vibaya, Tereza. Nimeshaungama kwa padri. Sasa naungama kwako."

Tereza alimtazama, kisha akamtazama mbuzi. Alimpapasa mgongo kwa muda, akafuta macho kwa kanga.

"Mungu akubariki, mama Penina. Akikua nitamleta hapa kwa beberu wako apandwe."

"Usithubutu," Nyangi alisema. "Huyo ni baba yake. Utakwenda kwa watu wengine, na utauliza mpaka babu."