Kete ya Mzee Gervasi

Jua lilikuwa linazama Melania alipofika Muyinga, furushi la maharage kichwani, hasira kifuani. Mdogo wake, Thomas, alikuwa na wiki tatu kaburini. Alikutwa amelala chali shambani kwake Buraza, bila jeraha lolote. Baba yao, mzee Gervasi, hakuja kuzika. Melania alikuja kumuuliza kwa nini.

Jirani wa mzee, Kasilda, alikuwa akianua nguo.

"Muzee iko na mugeni kila mangaribi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Lakini mi sijamuona akiingia."

Ndani kulinuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa siku hiyo. Gervasi aliketi mbele ya ubao wa tavla, mchezo wa kete na dadu, ule aliorudi nao kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Ng'ambo ya ubao kulikuwa na kiti kitupu. Melania akakishika akivute.

"Usikae hapo, mwanangu."

Akakiachia. Kiti kilikuwa na joto...

Mzee akamsimulia kwa kunong'ona, macho hayabanduki ubaoni. Tangu mkewe afariki alikuwa akicheza peke yake, upande huu na upande ule, jioni zipite. Kete nyeupe nne alizichonga herufi: yake na za wanawe watatu, wamsindikize. Kisha siku moja dadu za upande wa pili zikajirusha zenyewe.

Aliacha kucheza. Asubuhi akakuta kete zile nne zimetawanywa, kila moja peke yake. Akarudi ubaoni.

Mchezo aliujua. Kete mbili zikikaa pamoja hazipigwi. Iliyo peke yake hupigwa, hasa adui akiwa nyuma yake hatua sita au pungufu. Ukilazimika kuiacha moja, iache mbali. Dadu zilimbana, akaiacha ya Thomas hatua kumi na moja mbele ya adui. Aliona ni mbali.

Adui akatupa sita na tano.

"Kete iliyopigwa huwa inarudi mchezoni," alisema. "Ya Thomas sijaiona tena."

"Ndiyo maana hukuja kumzika?"

"Siku ile nilikuwa nawafunika ninyi wawili msipigwe."

Melania akapiga magoti, akamshika baba yake mkono. Mzee alikuwa amekonda, na Melania wiki zote tatu alikuwa akimsema vibaya kwa watu.

Mzee akatupa dadu. Nne na mbili.

Kete ya Emiliana, mdogo wake Melania, ilikuwa pamoja na ya mzee. Ya Melania ilikuwa peke yake, hatua sita mbele yao. Mzee akaishika ya Emiliana aiunge na ya dada yake. Yake mwenyewe ingebaki peke yake, hatua nne tu mbele ya adui.

"Niache mimi, baba."

"Wewe una watoto."

Akaisogeza.

Dadu za ng'ambo zikabingirika... zikatulia.

Tatu. Na moja.

Melania akashusha pumzi. Nne haikutoka.

"Tatu na moja," mzee alisema polepole, "ni nne."

Kete nyeusi ikaenda hatua tatu. Ikasimama. Ikaenda moja.

Gervasi akamwegemea binti yake begani kama aliyepitiwa na usingizi. Hakuamka.

Walimzika Jumamosi. Watu walisema ni moyo, na Melania hakubisha. Emiliana alitaka ubao uchomwe, Melania akakataa bila kueleza. Aliubeba mapajani hadi kwake Bugendana, akiwa ameulaza sawasawa, kete mbili nyeupe zisiachane.

Hakuzigusa. Jana machweo, akitoka jikoni, harufu ya udongo mbichi ilimpokea mlangoni. Ubaoni, kete ya Emiliana ilikuwa imesogezwa.

Akampigia simu mdogo wake huko Gishubi. Akamuuliza yuko na nani.

"Niko peke yangu, dada," Emiliana alisema. "Ngoja kidogo, kuna mtu anabisha hodi."